Maleba Yasiyo na Maandishi: Vazi, Mwili na Wanafunzi wa Migori na Homa Bay

Katika vitabu vya fasihi simulizi vinavyotumiwa katika shule za sekondari nchini Kenya, neno "maleba" hupewa nafasi ndogo sana. Mwanafunzi hufundishwa kwamba maleba ni mavazi maalumu avaayo fanani au mwigizaji ili yaoane na hali anayoiigiza, na kwamba kazi yake kubwa ni kuivutia hadhira. Akiulizwa katika mtihani huandika hivyo, naye hupata alama zake. Lakini mwanafunzi huyo huyo huenda akapanda jukwaani katika tamasha la muziki au la drama akiwa na sketi ya katani kiunoni, njuga miguuni na manyoya kichwani, akatenda kwa mwili wake jambo ambalo jibu lile la mtihani halikulitaja hata kidogo. Makala haya yanakusudia kulichunguza jambo hilo kwa mifano ya Migori na Homa Bay, kaunti mbili zilizotokana na iliyokuwa wilaya ya Nyanza ya Kusini, na kuonyesha kwamba fasili ya maleba kama ilivyozoeleka haitoshi.

Upungufu huu una chanzo chake. Wanafasihi wa Kiswahili wamelishughulikia vazi moja kuliko mengine yote, nalo ni kanga. Kanga ina pindo, ina mji, na ina jina. Na jina hilo, yaani yale maneno yaliyochapwa juu ya pindo la chini, ndilo lililowavuta wachunguzi. Wameyasoma kama methali, kama mafumbo, kama majibizano ya wake wenza na majirani. Kazi hiyo ni njema. Hata hivyo, yafaa itambulikane kwamba kanga imesomwa kwa sababu imeandikwa. Namna inavyofungwa, iwe kifuani, kiunoni au kichwani. Mahali jina linapoangukia juu ya mwili. Nani anayeliona na nani hawezi kuliona: mambo haya aghalabu yameguswa kwa haraka tu. Matokeo yake ni kwamba watu ambao mavazi yao hayana herufi wameonekana kana kwamba hawana la kusomwa. Wao wameachiwa wanaanthropolojia na majumba ya makumbusho.

Lugha nayo imechangia. Kiswahili cha pwani hulitazama vazi kwa jicho la stara. Nguo humsitiri mtu. Asiyesitirika yu uchi, yu utupu, na maneno haya mawili hubeba aibu ndani yake. Hata methali inayomsuta mwenye kutegemea vya watu hutumia kipimo hicho hicho: nguo ya kuazima haisitiri matako. Haisemi kwamba nguo ya kuazima haipendezi, wala haisemi kwamba haina maana. Husema kwamba haisitiri. Kwa mtazamo huo mwili ni kitu kinachofichwa na nguo ni kitu kinachoficha, na lolote linaloongezwa juu ya hapo huitwa pambo. Maleba yamewekwa katika fungu hilo la mapambo.

Dholuo, lugha ya walio wengi katika kaunti hizi mbili, hulikabili jambo hili kwa njia nyingine. Kitenzi "rwako" hutumika kwa maana ya kuvaa nguo, na kwa umbo hilo hilo hutumika kwa maana ya kumpokea mgeni. Iwapo maana hizi mbili ni za shina moja au la, hilo ni suala la wanaisimu wa lugha za Kinailoti. Lakini msemaji huzisikia zote mbili, na humwia rahisi kufikiri kwamba mwili huipokea nguo kama mwenyeji anavyompokea mgeni. Kiswahili kina uzuri wake pia hapa, ingawa ni uzuri wa aina nyingine: kuvaa na kuvua ni jozi ya kutenda na kutendua, na mtoto wa ufukweni Homa Bay anayejifunza Kiswahili shuleni hukuta kwamba neno la kuiondoa nguo ndilo hilo hilo la kumtoa samaki majini.

Kabla ya karne ya ishirini, mwili wa Mjaluo ulisomeka kabla ya nguo yoyote kutajwa. Kijana alipofikia umri wa kuingia utu uzima aling'olewa meno sita ya chini, tendo linaloitwa "nak". Pengo lile lilisema nani ni mtu wa wapi, na kwamba amekwisha kuvuka utoto. Mwanamke aliyeolewa alivaa "chieno", mkia wa nyuzi zilizosokotwa uliofungwa kiunoni na kuning'inia nyuma. Haukusitiri kitu chochote kwa maana ya stara ya pwani. Ulitangaza ndoa, na mtu mwingine kuushika ovyo kulikuwa kosa zito. Wazee na mashujaa nao walivaa "kondo udo", kilemba cha manyoya ya mbuni. Wageni waliofika Nyanza mwanzoni mwa ukoloni walipiga picha za watu hawa na kuandika kwamba walikuwa uchi. Kwa kipimo cha stara walikuwa uchi. Kwa kipimo cha wenyewe, mwanamke aliyevaa chieno alikuwa amevaa kikamilifu.

Jirani zao Wakuria, wakaao upande wa kusini-mashariki wa Migori na kuvuka mpaka hadi Tanzania, hawakung'oa meno. Wao walitahiri, na kutahiri kulikuwa mlango wa rika. Kwa hiyo katika eneo lisilo pana sana palikuwa na jamii mbili zilizoandika utu uzima juu ya mwili kwa njia mbili zisizofanana, kila moja ikiisoma ya mwenzake kama upungufu. Jambo hili halina budi kukumbukwa, maana ndilo linaloeleza ghasia zilizozuka suruali ilipofika.

Reli ilifika ukingo wa ziwa, mahali palipokuja kuwa Kisumu, mwaka 1901. Miaka mitano baadaye, mwaka 1906, Waadventista wa Sabato walianzisha misheni yao Gendia, karibu na Kendu Bay, wakiongozwa na Mkanada Arthur Carscallen pamoja na Peter Nyambo aliyetoka Nyasaland, ambayo leo ni Malawi. Wakatoliki nao walijenga Asumbi. Vijana waliokwenda kusoma katika vituo hivi waliitwa "josomo", neno ambalo mzizi wake ni kitenzi cha Kiswahili "soma". Na watu walioacha ngozi wakavaa vitambaa waliitwa "jonanga", yaani watu wa nguo. Majina haya mawili yalikaribiana mno hata ikawa vigumu kuyatenganisha: aliyesoma alivaa, na aliyevaa alidhaniwa amesoma. Mwanafunzi wa kwanza wa Nyanza ya Kusini alitambuliwa kwa vazi lake kabla hajafungua kitabu.

Mfano ulio maarufu zaidi unatoka Kendu Bay yenyewe. Katika kitabu chake kilichochapishwa mwaka 1995, Barack Obama ameandika masimulizi ya ukoo kuhusu babu yake, Onyango, aliyeondoka kwao akiwa kijana akaenda Kisumu, kisha akarudi amevaa suruali, shati na viatu. Watu wa nyumbani hawakuona mapambo, wala hawakuona maendeleo. Walijiuliza suruali ile inaficha nini. Wengine walidhani kijana ametahiriwa kinyume cha mila ya Kijaluo. Wengine walidhani ana vidonda. Baba yake aliwakataza nduguze wasimkaribie. Hapana budi kuitafakari hoja yao, maana haikuwa ya kijinga hata kidogo. Katika jamii ambayo mwili ulikuwa wazi ili usomwe, anayeufunika mwili ameufunga ukurasa, na anayeufunga ukurasa ana jambo asilotaka lisomwe. Kwa maneno mengine, stara yenyewe ndiyo iliyotia shaka. Ni vigumu kupata mfano ulio bora kuliko huu wa namna vazi moja linavyoweza kusomwa kwa sarufi mbili zinazopingana.

Upinzani dhidi ya nguo mpya ulipata sauti yake mwaka 1913, wakati Onyango Dunde wa Alego alipotangaza kwamba amemezwa na nyoka mkubwa wa ziwani, akatapikwa akiwa hai, na kupewa ujumbe. Dini hii ya Mumbo ilienea upesi Nyanza ya Kusini, kwa Wajaluo na kwa Wagusii. Pamoja na kuwakataa Wazungu, ilikataa desturi ya Wakristo ya kuvaa nguo: wafuasi waache nywele zao zikue, nao wavae ngozi za mbuzi na ng'ombe. Serikali iliiogopa, na baadhi ya viongozi wake walihamishwa kwa nguvu wakapelekwa pwani. Si haki kuwaita watu hawa wahafidhina tu. Mababu zao walivaa ngozi kwa kuwa ngozi ndiyo iliyokuwepo. Wafuasi wa Mumbo walivaa ngozi huku marekani na kaniki zikiuzwa madukani, na kuchagua kule ndiko kulikoigeuza ngozi kuwa kauli. Vivyo hivyo josomo waliichagua suruali. Pande zote mbili zilibishana kwa miili yao.

Wala mpaka kati ya pande hizo haukuwa mgumu kama inavyodhaniwa. Paul Mboya wa Karachuonyo, aliyelelewa katika misheni ya Waadventista na kuja kuwa chifu mkuu, ndiye aliyeandika kwa Dholuo "Luo Kitgi gi Timbegi" mwaka 1938, kitabu kilichohifadhi mila na desturi za Wajaluo. Mtu wa nguo na kitabu aliandika habari za watu wa ngozi na manyoya. Baadaye, mwanzoni mwa miaka ya 1960, kanisa la Legio Maria lilipojitenga na Kanisa Katoliki chini ya Simeo Ondeto na kukifanya kilima cha Got Kwer, huko Migori, kuwa mahali pake patakatifu, liliichukua kanzu, vazi la pwani na la makasisi, likaipa rangi nyingi zenye maana zake katika ibada. Hapa napo pana vazi lisiloandikwa ambalo waumini hulisoma bila shida.

Mwanafunzi wa leo anayepanda jukwaani huja nyuma ya historia hii yote, ajue asijue. Tuchukue ngoma ya Kijaluo kama inavyochezwa na shule katika Tamasha la Muziki la Kenya, lililoanza mwaka 1927. Wasichana huvaa "owalo", sketi ya katani. Nyuzi zake hazikuwekwa ili zisitiri. Zimewekwa ili zitikisike. Kiuno kikisogea kidogo, katani husogea sana, na mtazamaji aliye mbali huona mtikisiko ambao mwili peke yake usingeweza kumfikishia. Vazi hapa ni kikuza-mwendo. Lakini chini ya owalo kuna kaptula au suruali ya kubana, na juu kuna fulana, kwa sababu shule haitaki mwanafunzi aonekane mwili. Wahakiki wengine huiona fulana ile kama kasoro, kitu cha kusamehewa, nao hujaribu kutoiona. Huko ni kukosea. Fulana ile ndiyo Gendia. Katani ile ndiyo chieno iliyobadili umbo. Msichana mmoja amevaa hoja mbili zilizogombana kwa zaidi ya miaka mia, moja juu ya nyingine, naye anacheza ndani ya zote mbili. Maana ya onyesho imo katika pale zinapokutana.

Mpiga nyatiti hutoa ushahidi wa wazi zaidi. Mguuni huvaa "gara", njuga za chuma, na katika kidole gumba cha mguu huvaa "oduong'o", pete ya chuma ambayo huigonga juu ya mti wa ala ili kushika mapigo. Je, oduong'o ni pambo, ni vazi au ni ala ya muziki? Kwa fasili ya vitabu vya shule swali hili halina jibu, kwa kuwa fasili hiyo huyatenga maleba na ala na kuyaweka katika vifungu mbalimbali. Ukimvua mpigaji pete yake hukumpunguzia uzuri, umemnyang'anya sauti. Wachezaji wa Kikuria nao, wanaocheza kwa mlio wa litungu, huvaa viatu vizito vya mbao vinavyomwinua mchezaji na kumlazimisha ainue mguu kwa namna ambayo mguu mtupu hauinuki. Mwendo wa ngoma hiyo hauwezi kuelezwa bila kiatu, kama vile mizani ya shairi isivyoweza kuelezwa bila silabi.

Kwa mifano hii, yapasa kuhitimishwa kwamba maleba ni sehemu ya lugha ya utendaji, si kifuniko chake. Baadhi ya walimu wa sanaa wameanza kuitumia istilahi "sanaa ya kuvaliwa" kwa kazi ambazo wanafunzi huzibuni kwa katani, magunia, vifuniko vya chupa na vitambaa vya mitumba. Istilahi hiyo ni ndefu kidogo, lakini ni bora kuliko "sanaa ya mavazi", ambayo humpeleka msikilizaji moja kwa moja kwa fundi cherehani. Kauli ya kutendwa iliyomo katika "kuvaliwa" inalazimu awepo mvaaji. Bila mwili, kazi haijakamilika. Hata hivyo hakuna haja ya kulitupa neno "maleba", lililokwisha kukaa katika silabasi na vinywani mwa watu. Linalotakiwa ni kulipanua, ili liwe na maana ya chochote akivaacho fanani ambacho hubadili jinsi mwili wake unavyosomwa, unavyosogea au unavyosikika.

Fasili ya namna hiyo itabadili pia namna ya kukusanya data. Hadi sasa anayerekodi ngoma ya wanafunzi huandika maneno ya wimbo, pengine na noti zake, kisha huongeza sentensi moja kwamba wachezaji walivaa mavazi ya kiasili. Sentensi hiyo haifai. Inatakiwa iandikwe maleba yalitengenezwa na nani na kwa kitu gani. Yalivaliwa juu ya nini. Yalitoa mlio gani, katika kipigo gani. Sehemu gani ya mwili iliachwa wazi na ipi ilifunikwa, na kwa amri ya nani. Maneno ya wimbo yanaweza kuulizwa tena mwaka ujao kwa mwalimu yule yule. Owalo iliyoshonwa na kidato cha tatu kwa ajili ya msimu mmoja hukatika, na nyuzi zake zikaenda kufunga magunia.