Yungiyungi la Ziwa Jipe Si Pambo Tu

Wakulima wa Taveta waendao Ziwa Jipe kununua samaki wameliona yungiyungi, ua la samawati lisimamalo juu ya maji, na majani yake ya mviringo yameelea kama sahani. Wengi hudhani ni pambo tu. Sivyo; ua hili lina kazi.

Kwanza tutazame lilivyo. Shina lake limefukiwa topeni, na vikonyo vyake virefu vina matundu yapelekayo hewa mpaka chini. Ua hufunguka asubuhi na kufumba baadaye mchana, na nyuki hulijia kutafuta chavua. Kisha huzama, na tunda hukomaa majini. Mbegu huelea kwa muda, halafu huzama na kuota mahali pengine.

Mbegu hizo ni chakula kikubwa cha bata mmoja mdogo sana aonekanaye Jipe, ambaye dume lake lina mgongo wa kijani na uso mweupe. Yuko pia ndege mwenye vidole virefu ajabu, atembeaye juu ya majani hayo bila kuzama, akiokota wadudu. Chini ya majani ni kivuli, na humo vitoto vya perege hujificha wasiliwe. Basi mla perege ana deni kwa ua hili.

Mto Lumi hutoka upande wa Kilimanjaro, hupita penye mashamba ya Taveta, kisha huingia Jipe. Mtu akilima mpaka ukingoni, mvua huchukua udongo wake mzuri na kuupeleka ziwani. Kina cha maji hupungua, majani marefu ya kinamasi huenea, na yungiyungi hukosa nafasi na jua. Jipe imekwisha kuvamiwa hivyo sehemu nyingi.

Kwa hiyo, ndugu wakulima, yafaa kufanya haya:

1. Acheni ukanda usiolimwa kando ya mto. Kanuni za maji za mwaka 2007 zilitaja mita 6 hadi 30 kila upande.

2. Limeni kwa kukingama mteremko, na pandeni majani ya Napia juu ya makinga maji.

3. Wekeni njia moja tu ya kunyweshea ng'ombe.

4. Msioshe bomba la dawa mtoni.

Udongo ukibaki shambani utakupa mahindi. Ukifika ziwani, umepoteza shamba na samaki pamoja.