Madonge ya kuvumwani Japani: Picha yauza, picha ya uongo yarudisha mzigo

KIZURI chajiuza, walinena wahenga. Lakini katika biashara ya kokedama nchini Japani, kizuri hicho hakina budi kupigwa picha kwanza.

Kokedama ni mmea mdogo ambao mizizi yake hufungwa ndani ya donge la udongo, kisha donge hilo likavikwa kuvumwani, ule mmea mfupi wa kijani unaotanda juu ya mawe na magogo penye unyevu. Jina limetokana na maneno mawili ya Kijapani: koke, yaani kuvumwani, na tama, yaani mpira. Chungu hakitumiki. Udongo mzito uitwao keto huchanganywa na chembe za akadama, na uzi ndio unaoshikilia vyote pamoja.

Kazi hii ni ya mkono, ndugu ya bonsai, na haihitaji mtaji mkubwa. Watengenezaji wadogo walipata mlango mpya yalipoanzishwa masoko ya kazi za mikono kwenye intaneti, kama Creema mwaka 2010 na minne mwaka 2012. Instagram nayo ilianza Oktoba 2010. Mwaka 2017 neno "insuta-bae", yaani chenye kupendeza kikiwekwa Instagram, lilikuwa moja ya maneno mawili yaliyotwaa tuzo ya neno la mwaka nchini humo.

Hapo ndipo penye faida, na ndipo penye hasara. Mnunuzi hawezi kulishika donge wala kulipima uzito mkononi. Anachonunua ni picha.

Kosa la kwanza ni maji. Kuvumwani haina mizizi ya kweli, bali hunywa maji kwa majani yake. Donge likitoka kwenye beseni huwa la kijani kilichokolea. Likikauka hufifia na kuelekea rangi ya kahawia. Anayepiga picha mara tu baada ya kuloweka anauza rangi isiyodumu. Afadhali atoe picha mbili, ya donge bichi na ya donge kavu.

Kosa la pili ni mwanga. Taa ya kamera hung'arisha matone ya maji na kuficha umbile la majani. Mwanga wa dirishani kutoka ubavuni, pamoja na karatasi nyeupe upande wa pili, hutosha kabisa. Pazia jeusi nyuma hupendeza, ila huidanganya simu: ikiona giza jingi huongeza mwanga, na kijani hupauka. Dawa ni kupunguza mwanga kidogo kabla ya kupiga.

Kosa la tatu ni ukubwa. Donge la kiasi cha chungwa likipigwa kwa karibu huonekana kama nazi. Kikombe cha chai pembeni humaliza ubishi.

Makosa haya yana gharama. Sheria ya Japani inayohusu mauzo ya mbali humruhusu mnunuzi kurudisha bidhaa ndani ya siku 8 tangu aipokee, kwa nauli yake, iwapo muuzaji hakutangaza masharti yake ya kurudisha. Mmea uliosafiri sandukuni kwenda na kurudi ni vigumu kuuzika tena. Aidha, tangu Oktoba 1, 2023 ni marufuku kwa mwenye biashara kutoa tangazo lililojificha kama maoni ya mtu binafsi.

Lipo pia suala la mipaka. Picha huonekana dunia nzima, lakini nchi nyingi, Japani ikiwemo, hukataza kuingiza udongo kwa kuhofia wadudu na magonjwa ya mimea. Sifa kutoka ng'ambo si oda.

Kwa mwekezaji mdogo anayetaka kuweka fedha zake katika biashara ya namna hii, kipimo ni kimoja. Asihesabu waliosifu picha. Ahesabu walionunua, wakapokea mzigo, kisha wakarudi kununua tena.