Bunia: Jiografia, Historia na Lugha ya Mji wa Njiapanda

1.0 Utangulizi

Katika maandishi mengi yahusuyo kuenea kwa Kiswahili, safari huanzia katika miji ya pwani, Lamu, Mombasa, Zanzibar na Kilwa, ikafuata njia za misafara hadi Tabora na Ujiji, kisha ikaishia ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, katika nchi ya Manyema. Bunia, makao makuu ya Jimbo la Ituri katika kaskazini-mashariki ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, hutajwa kwa nadra. Hata hivyo mji huo una umuhimu wake kwa mwanafunzi wa lugha hii, kwani upo karibu na ukingo wa kaskazini wa eneo la Kiswahili nchini Kongo. Anayeuacha na kushika njia ya Aru na Faradje hukuta kwamba lugha ya sokoni inageuka polepole na kuwa Kibangala.

Makala haya yanakusudia kueleza mji huo umesimama mahali gani, ulikuaje, na ni sababu zipi zilizokifanya Kiswahili kuwa lugha yake ya kila siku. Aidha, yanagusa swali lililo zito zaidi: lugha inayowaunganisha watu sokoni ina uwezo gani siku mji wenyewe unapogawanyika?

2.0 Mahali na Sura ya Nchi

Bunia imejengwa juu ya uwanda wa nyasi ulio kiasi cha mita 1,275 juu ya usawa wa bahari, kaskazini kidogo ya mstari wa Ikweta. Kwa sababu ya kimo hicho, joto lake ni la wastani, na ardhi ya viunga vyake inafaa kwa mahindi, maharagwe, mihogo na malisho ya ng'ombe. Upande wa kaskazini vimeinuka vilima vya Djugu, ambamo mna dhahabu. Upande wa magharibi, baada ya Komanda, njia huingia katika msitu mkubwa wa Ituri kuelekea Mambasa na hatimaye Kisangani. Upande wa kusini ipo njia ya Beni.

Upande wa mashariki ndio wenye jambo la kustaajabisha. Uwanda unakatika na ardhi inaporomoka, kwa kuwa hapo ndipo ulipo ukuta wa tawi la magharibi la Bonde la Ufa. Chini ya ukuta huo limelala Ziwa Albert, lenye urefu wa kilomita 160 hivi, na uso wake uko kwenye kimo cha mita 619 tu. Msafiri anayetoka Bunia kwenda bandari ya Kasenyi kwa njia ya Bogoro huteremka zaidi ya mita 600, akaiacha nchi ya mifugo na mashamba, akaingia katika joto la nchi ya mitumbwi na nyavu. Samaki wa Kasenyi na Tchomia hupandishwa kwa njia hiyohiyo hadi masoko ya Bunia, wabichi, wakavu, au wakiwa wametiwa chumvi na kuitwa makayabo. Miongoni mwao ni sangara, ambaye katika Ziwa Viktoria ni mgeni aliyepandikizwa na watu, lakini katika Ziwa Albert ni mwenyeji tangu asili.

Ingawa ziwa li karibu hivyo, maji ya Bunia hayaendi huko. Mto Shari humwaga maji yake katika mto Ituri. Ituri huitwa Aruwimi ufikapo mbele. Nao Aruwimi huingia mto Kongo na kuishia katika Bahari ya Atlantiki. Maji ya Ziwa Albert, kwa upande wake, hutoka kwa mto Nile hadi Bahari ya Mediterania. Kwa hiyo mvua inyeshayo katika nchi hii fupi hugawanyika baina ya bahari mbili zilizo mbali sana. Biashara ya mji, kama itakavyoonekana, nayo imekuwa ikivutwa na pande hizo mbili.

3.0 Watu na Lugha Zao

Ni sehemu chache za Afrika ya Kati ambazo lugha za asili mbalimbali zimekaribiana kama Ituri. Kibira, lugha ya Wabira wanaokaa katika uwanda unaouzunguka mji, ni ya Kibantu. Kihema cha kusini nacho ni cha Kibantu, na kina undugu na Kinyoro cha Uganda. Kilendu, Kingiti na Kilugbara ni lugha za jamii ya Sudani ya Kati. Kialuri cha Mahagi ni cha Kiniloti, ndugu wa Kiacholi. Isitoshe, Wahema wa kaskazini waliiacha lugha ya wazee wao zamani na kushika Kilendu cha jirani zao. Jambo hili la mwisho linafaa kukumbukwa, kwani litarejewa hapa chini.

Katika hali kama hiyo, mji wowote utakaozaliwa hauna budi kutafuta lugha ya tatu. Linalobaki ni kueleza kwa nini lugha hiyo ikawa Kiswahili.

4.0 Misafara, Dhahabu na Meli

Kiswahili kilifika Ituri kabla Bunia haijawa mji. Mnamo Februari 1887 msafara wa Stanley, uliokuwa na Wazanzibari zaidi ya 600, uliondoka Unguja kwa meli, ukazunguka Rasi ya Tumaini Jema, ukaingia kwa mto Kongo na kupanda mto Aruwimi hadi ndani ya msitu. Wazanzibari hao hawakuwa wasemaji wa kwanza wa Kiswahili kuingia humo. Walikuta vituo vya Ugarrowwa na Kilonga-Longa, wafanyabiashara wa pembe za ndovu na watumwa, pamoja na wafuasi wao wa Manyema. Mwezi Desemba mwaka huohuo msafara ulitokea uwandani na kulitazama Ziwa Albert kutoka juu ya ukingo wake. Kwa wenyeji wa msituni, basi, lugha hii ilisikika kwanza vinywani mwa watu wenye bunduki, na historia yake haiwezi kuandikwa kwa kulificha jambo hilo.

Kilichoigeuza lugha ya misafara kuwa lugha ya kazi ni dhahabu. Dhahabu iligunduliwa Kilo, kaskazini ya Bunia, mwaka 1903, na uchimbaji ukaanza miaka michache baadaye. Mwaka 1926 iliundwa kampuni ya migodi ya Kilo-Moto, ambayo mwaka 1966 ilipokewa na shirika la serikali la OKIMO. Migodi ilikusanya vibarua wa makabila mengi. Ilihitaji unga, nyama, barabara na makarani. Msimamizi na kibarua walihitaji kuelewana, na Kingwana, kama Kiswahili cha Kongo kilivyoitwa wakati huo, kilikuwa tayari mkononi. Wamisionari nao walikitumia katika mafundisho na katika shule zao.

Makao ya utawala yalikuwa kwanza Irumu, kusini-magharibi. Bunia ilikua na kuipita kwa sababu ilikaa vizuri zaidi baina ya migodi na ziwa. Katika enzi ya ukoloni mizigo iliyoshushwa Mombasa ilipanda reli hadi Uganda, ikafikishwa Butiaba kwenye ufuko wa mashariki wa ziwa, kisha ikavushwa kwa meli hadi Kasenyi na Mahagi. Hivyo mji uliotawaliwa kutoka upande wa Atlantiki ulilishwa kutoka upande wa Bahari ya Hindi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 maji ya ziwa yalipanda sana, na bandari ya Butiaba ikaharibika. Lakini mvuto wa mashariki haukukoma: bidhaa za Mombasa ziliendelea kuingia kwa malori kupitia Kampala na mipaka ya Mahagi na Aru.

Hadhi ya mji ilibadilika pamoja na siasa. Baada ya uhuru Bunia ilikuwa makao makuu ya jimbo la Kibali-Ituri kuanzia mwaka 1962, hadi jimbo hilo liliporudishwa katika Jimbo la Mashariki mwaka 1966. Mwaka 2015 Ituri ikawa jimbo tena, na Bunia ikarejea nafasi yake.

5.0 Kiswahili cha Bunia

Kiswahili kilichokulia katika mazingira hayo kina sura yake. Kama ilivyo katika sehemu nyingine za mashariki ya Kongo, huweza kusikika "batu mingi" badala ya "watu wengi", na "kitabu yangu" badala ya "kitabu changu". Upatanisho wa ngeli umepunguzwa, na maneno ya Kifaransa na Kilingala yameingia kwa wingi, hasa kupitia ofisi, jeshi na muziki. Kanisani na darasani, hata hivyo, msemaji yuleyule huweza kujisogeza karibu na usanifu. Ni kosa kuuita usemi wa sokoni Kiswahili kilichoharibika. Ni Kiswahili kilichopokewa na Wabira, Walendu, Wahema na Waaluri kwa pamoja, kila mmoja akikipunguzia kile ambacho hakikuhitajika ili aeleweke na mwenzake.

6.0 Mji Uliogawanyika

Mwaka 1999, wakati jeshi la Uganda likiishikilia Bunia, migogoro ya ardhi katika wilaya ya Djugu baina ya Wahema na Walendu iligeuka kuwa vita. Mizizi yake ilikuwa mirefu: upendeleo wa utawala wa kikoloni katika elimu na madaraka, na sheria ya ardhi ya mwaka 1973, iliyowawezesha wenye uwezo kupata hati za ardhi ambazo juu yake wengine walikuwa wakiishi. Bunia ilitwaliwa na kundi moja baada ya jingine. Mwezi Mei 2003, Waganda walipoondoka, mapigano yaliingia mitaani, na maelfu ya watu wakakimbilia kandokando ya kituo cha Umoja wa Mataifa na uwanja wa ndege. Mwezi Juni kikafika kikosi cha Umoja wa Ulaya kilichoongozwa na Ufaransa, kikakaa hadi Septemba. Vita hivyo vinakadiriwa kuwaua watu zaidi ya 50,000. Tangu mwisho wa mwaka 2017 mauaji mengine yalizuka Djugu, na kambi za waliokimbia makwao zikasimama tena Bunia.

Hapa ndipo swali la mwanzo linaporudi. Waliopigana walielewana kwa Kiswahili. Wengine, yaani Walendu na Wahema wa kaskazini, walikuwa hata na lugha moja ya nyumbani. Amri za kushambulia na maombi ya kuhurumiwa yaliweza kutamkwa kwa maneno ya lugha ileile. Haiwezekani, basi, kudai kwamba lugha ya pamoja huleta amani kwa nguvu zake yenyewe.

Lakini lipo jambo la pili. Kesi ya Thomas Lubanga ilipoanza kusikilizwa The Hague mwaka 2009, katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, mashahidi kutoka Ituri walitoa ushahidi kwa Kiswahili, na mahakama ililazimika kuwa na wakalimani wa Kiswahili cha Kongo. Hukumu ya mwaka 2012, iliyohusu kuwaandikisha watoto jeshini, ilikuwa ya kwanza kutolewa na mahakama hiyo. Kiswahili cha sokoni, ambacho wengine hukidharau, ndicho kilichobeba ushahidi huo.

7.0 Hitimisho

Bunia ni zao la njiapanda: uwanda na ziwa, mgodi na msitu, Atlantiki na Bahari ya Hindi. Kiswahili chake ni zao la njiapanda hiyohiyo. Njia hupitisha samaki na unga, na hupitisha pia majeshi. Lugha nayo ni vivyo hivyo. Haiwezi kuamua nani mwenye shamba. Inachoweza ni kuwapa wanaogombea shamba hilo maneno ya kulisemea bila mkalimani, na baada ya maafa, maneno ya kueleza yaliyotendeka. Mchunguzi wa Kiswahili anayetaka kuijua lugha hii katika ukamilifu wake hana budi kuipandisha safari yake hadi Bunia, akaisikilize inavyosemwa huko.