Bodaboda ya Mgeta ina ukoo mkubwa!

KAMA hujawahi kupanda Mgeta kwa bodaboda, bado hujajua maana ya kumkumbatia dereva usiyemfahamu bila aibu. Unaacha barabara ya Iringa pale Sangasanga, unapita Mlali, halafu mlima unaanza. Kona juu ya kona, kiangazi vumbi, masika utelezi. Wakati wa kushuka, usishangae mkigawana siti na gunia la kabichi.

Sasa cheki injini yenyewe: cc 125. Kiduchu! Lakini washikaji, ukubwa huohuo wa injini ndio uliompa jina mzee mmoja wa Kijapani, Soichiro Honda.

Mzee huyu alianza kwa kufunga vijiinjini kwenye baiskeli, na mwaka 1948 akaanzisha kampuni mjini Hamamatsu. Mwaka 1954 maji yakamfika shingoni. Pikipiki haziuziki, fedha hakuna. Mwingine angefunga duka. Yeye akatangaza kwamba atakwenda kushindana Isle of Man, kisiwa kilicho kati ya Uingereza na Ayalandi, ambako mbio hukimbizwa kwenye barabara za kawaida zenye kuta na nyumba pembeni. Mwaka huohuo akaenda kuchungulia. Akachoka! Pikipiki za Wazungu zenye injini sawa na zake zilikuwa na nguvu karibu mara 3.

Akarudi nyumbani kuchonga vyuma. Juni 1959 vijana wake wakatua kisiwani na mashine za cc 125. Naomi Taniguchi (ni mwanaume huyo, msidanganyike na jina) akashika nafasi ya 6, wenzake wakawa wa 7, 8 na 11. Zawadi ya timu ikaenda Japani. Mwaka 1961 Honda ikazoa nafasi 5 za kwanza za cc 125, kisha 5 za kwanza za cc 250. Mike Hailwood alishinda zote mbili.

Mwaka huo Tom Phillis wa Australia akawa bingwa wa dunia wa cc 125. Mwaka uliofuata akafa palepale Isle of Man, akiwa juu ya Honda. Wapo jamaa wanaoteremka mlima wetu na mzigo, gia huru, injini wameizima kuokoa petroli, helmeti inaning'inia kwenye usukani. Bwana, hata bingwa alivaa.

Siku hizi mbio zimegeuka: 2023 na 2024 Honda ilishika mkia kati ya watengenezaji wa MotoGP. Mgeta hilo halimnyimi mtu usingizi.

Maana injini ya mbio ya 1959, yenye silinda 2 na kuzunguka zaidi ya mara 10,000 kwa dakika, isingemaliza wiki huku. Iliyotufaa ni CG125 ya mwaka 1976: silinda 1, vali zinasukumwa kwa fito, inavumilia oili chafu, mzigo wa kupitiliza na mwenye mali asiyejua sevisi ni nini. Wachina wakaiiga, na nyingi ya pikipiki zao zilizojaa mitaani kwetu zilikuja na injini ya ukoo huo.

Ikigoma Nyandira, fundi anakuja na spana mbili na kopo la petroli. Anafungua, anapuliza, anafunga. Kabichi hazijanyauka, chombo kishafika Mlali.