Ujira wa Mtunzi wa Programu Huria

Mwaka 1976 Bill Gates, angali kijana katika biashara, aliwaandikia barua ya wazi wapenzi wa kompyuta waliokuwa wakiinakili programu yake ya BASIC bila ya kulipa, akawauliza ni nani awezaye kufanya kazi ya ustadi pasi na ujira. Hoja yake ilikuwa na uzito, kwani hakimiliki humpa mtunzi matumaini kwamba gharama aliyoitanguliza leo itarejea kwa bei ya kila nakala.

Hata hivyo, Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki, alipoitoa Linux, programu endeshi ya kompyuta, mwaka 1991, na mwaka uliofuata akaiweka chini ya leseni ya GPL, ambayo humruhusu kila mtu kuibadili kwa sharti kwamba atakayeisambaza aiambatanishe na msimbo wake, ujira ulidhihirika kupita njia nyingine. IBM, iliyoitengea Linux dola bilioni 1 mwaka 2001, haikutoa sadaka: iliuza mitambo na huduma, na programu ya msingi ikipatikana bure, vinavyouzwa kando yake hupata wanunuzi. Mtunzi naye huvuna sifa, na sifa humfungulia ajira. Kwa rai yangu, katika misingi inayotumiwa na wote, utaratibu huu huzaa ubunifu mwingi zaidi, maana mwenye wazo hangoji idhini ya mtu.

Lakini ujira huo humwendea abuniye jipya. Alindaye la zamani aghalabu husahauliwa. Tazama OpenSSL, programu huria inayoficha siri za mawasiliano ya intaneti, na kosa la Heartbleed lililofichuliwa Aprili 2014. Katika mawasiliano hayo kompyuta moja huiuliza nyingine kama ingali hai, ikipeleka neno na kuutaja urefu wake, ili irudishiwe neno lile lile. OpenSSL iliuamini urefu uliotajwa bila ya kuupima, hata aliyetuma herufi chache na kudai ni baiti 64,000 akajaziwa pengo kwa yaliyomo katika kumbukumbu ya seva, pengine nywila za watu. Kosa lilikaa miaka 2 katika msimbo uliokuwa wazi kwa kila msomaji, ilhali michango ya mradi ilikuwa takriban dola 2,000 kwa mwaka, na mtu mmoja tu ndiye aliyeajiriwa kwa kazi hiyo siku nzima.

Baada ya fadhaa hiyo, kampuni kadhaa, zikiwamo Google, Microsoft na IBM yenyewe, ziliahidi kila moja dola 100,000 kwa mwaka kwa miaka 3, kupitia Linux Foundation. Na katika mafungu ya awali OpenSSL ikapata mishahara ya watunzaji wawili.