Dereva, Usibebeshwe Kosa la Vali



Mwaka jana, katika shamba moja la chai ninalolihudumia kwa kazi ya chama, dereva wa lori alipewa barua ya onyo. Alidaiwa kuuza dizeli, kwa kuwa lori lake lilikuwa linakula mafuta kupita kawaida. Kamati ya tawi ikaomba fundi alifungue mbele ya pande zote mbili. Vali ya kurudisha moshi ilikutwa imeganda kwa masizi. Barua ikafutwa. Kwa hiyo kila dereva na tanboi azijue dalili.

Magari mengi ya siku hizi yana vali mbili za kupunguza moshi mbaya.

Ya kwanza hurudisha sehemu ya moshi wa ekzosi ndani ya injini, ili moto usiwe mkali mno na gesi za sumu zipungue. Ikiganda ikiwa wazi, injini hutetemeka gari likiwa limesimama, huzimika ovyo, hukosa nguvu mlimani, hula mafuta, na ya dizeli hutoa moshi mweusi. Ikiganda ikiwa imefungwa, injini ya petroli huweza kugonga inapovuta mzigo.

Ya pili hutoa mvuke unaokusanyika chini ya pistoni, kwenye oili, na kuurudisha ukaungue. Ikiziba, mvuke hukosa njia, husukuma sili, na oili huvuja. Ikibaki wazi, injini huvuta oili: utaona moshi wa bluu, na oili itapungua upesi.

Taa ya injini ikiwaka pamoja na dalili hizi, usiipuuze. Lakini usihukumu peke yako. Moshi mweusi hutoka pia chujio la hewa likiziba au nozeli zikichakaa. Wa bluu hutoka ringi za pistoni zikiisha. Fundi ndiye apime.

Jambo hili si la dereva tu. Mwaka 2012 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walitangaza kwamba moshi wa dizeli huleta saratani. Sisi tunaopandishwa nyuma ya lori alfajiri na jioni ndio tunaouvuta.

Basi tufanye hivi:

1. Andika katika daftari la gari tarehe, kilomita, lita ulizotia na dalili ulizoona.

2. Mpe msimamizi taarifa kwa maandishi, na nakala uipeleke kwa kamati ya tawi.

3. Vali ikiziba kwa masizi isafishwe, ikiharibika ibadilishwe. Kuizuia kwa kipande cha bati si matengenezo, ni kuficha ugonjwa.

Yule dereva aliokolewa na fundi, lakini angekuwa na daftari, hata ile barua isingeandikwa. Maneno hupotea, ndugu zangu, maandishi hubaki.