Ruzuku za Mafunzo ya Kazi kwa Vijana wa Beni na Butembo

Ruzuku ya mafunzo ya kazi ni fedha anazotoa mfadhili bila kudai zirudishwe, ili kijana asiye na ujuzi wala mtaji afundishwe kazi na apate vifaa vya kuianza. Mkopo wa benki una riba na dhamana. Zamu ya likelemba, yaani mchango wa kupokezana, ina wenzio wanaongoja nao wapokee. Ruzuku haina mwenye kuidai, na kwa hiyo hufaa pale ambapo hakuna anayethubutu kukopesha. Beni na Butembo, miji miwili ya Kivu ya Kaskazini iliyo umbali wa kilomita hamsini na kitu, ina maelfu ya vijana wa namna hiyo.

Wengi wao hawakuzaliwa wakiwa na shida ya kazi. Tangu Oktoba 2014, mauaji ya waasi wa ADF katika teritware ya Beni yamewatoa watu mashambani, pande za Eringeti, Mbau na Kamango, na kuwaleta mjini. Kijana aliyejua kupanda kakao na kuikausha hujikuta katika komine ya Mulekera mjini Beni au ya Bulengera mjini Butembo, ambako jembe halimpi chakula. Kuanzia katikati ya 2024 vita vya waasi wa M23 kusini mwa teritware ya Lubero vimeongeza wakimbizi wengine Butembo. Pamoja na hao wako waliotoka katika vikundi vya wapiganaji wa Mai-Mai, wasichana waliozaa wakiwa bado shuleni, na watoto wa sokoni waliokua bila kurudi nyumbani. Wanachokosa wote si nguvu za mwili. Katika miji hii fundi humpokea mwanafunzi aliyeletwa na mzazi au mjomba, mtu wa kumsimamia iwapo kitu kitapotea karakanani. Asiye na ndugu wa kumdhamini hubaki mlangoni, na kazi ya kwanza ya ruzuku ni kusimama mahali pa ndugu huyo.

Fedha zenyewe hupita mikono mingi. Mfadhili, ambaye anaweza kuwa Benki ya Dunia, Umoja wa Ulaya, UNICEF au mfuko fulani wa Umoja wa Mataifa, hutangaza mwito wa miradi. Shirika la kimataifa huandika andiko na kushinda, kisha hutafuta mshirika wa mahali: shirika la vijana, ofisi ya maendeleo ya kanisa, au Karitasi ya jimbo Katoliki la Butembo-Beni. Gharama za uongozi hukatwa njiani. Umoja wa Ulaya huruhusu hadi asilimia 7 ya gharama za moja kwa moja iongezwe kwa gharama zisizo za moja kwa moja, na kiwango hicho kimeenea kwa wafadhili wengine. Katika kila dola 107,000, basi, 7,000 huweza kutoka kabla ya kugusa kazi yenyewe. Halafu hufuata mishahara, magari, ulinzi na ripoti. Si wizi, kwani katika eneo la vita magari na ulinzi vina bei yake. Lakini kijana anayesikia redioni kiasi kilichotolewa kwa mji wake, kisha akapokea cherehani moja, ana haki ya kuonyeshwa hesabu hiyo.

Miji hii imewahi kuona madhara ya kutoonyeshana hesabu. Ebola iliyotangazwa tarehe 1 Agosti 2018, ikianzia Mangina, ilidumu hadi tarehe 25 Juni 2020 na kuua watu 2,287. Fedha nyingi ziliingia, wageni wengi wakaajiriwa, na vijana wa Beni na Butembo wakaanza kusema kwamba ugonjwa umekuwa biashara. Sehemu ya jibu ilikuwa mradi wa STEP, ulioanzishwa 2014 kwa fedha za Benki ya Dunia na kusimamiwa na Mfuko wa Jamii wa Kongo. Mradi huo uliwaajiri watu kwa vibarua vya kutengeneza barabara na mitaro. Kibarua huleta chakula siku ileile na huipa jamii sababu ya kusikilizana. Hakimwachii mtu ufundi, na mtaro ukikamilika ujira nao hukoma.

Ushahidi bora kuhusu kinachobaki unatoka ng'ambo tu ya mpaka. Serikali ya Uganda iliwaalika vijana wa kaskazini, eneo lililotoka vitani, waunde vikundi na kuandika mpango wa kujifunza kazi. Kati ya vikundi 535 vilivyofaa, 265 vilichaguliwa kwa bahati nasibu, na ruzuku, iliyotolewa mwaka 2008, ilikuwa wastani wa dola 382 kwa mtu. Fedha ziliwekwa katika akaunti ya kikundi. Wenyewe ndio waliomlipa mwalimu, na sehemu kubwa zaidi wakanunulia vifaa na malighafi. Baada ya miaka minne, watafiti Christopher Blattman, Nathan Fiala na Sebastian Martinez walikuta kipato cha waliopata kimepita cha wenzao kwa asilimia 38, na mali zao za kazi kwa asilimia 57. Baada ya miaka tisa wenzao walikuwa wamewafikia kwa kipato, ila waliopata ruzuku walibaki na vifaa vingi zaidi na wengi wao bado walifanya kazi ya ufundi. Ruzuku, kwa hiyo, haikuwafanya matajiri. Iliwafupishia miaka ya kuhangaika, na katika mji ambako kijana asiye na kazi huweza kufuatwa na mwenye bunduki, miaka hiyo si kitu kidogo.

Hesabu ya Uganda inafaa kuwekwa kando ya mradi wa kawaida wa mwaka mmoja. Humo miezi huishia katika kuorodhesha watu, nusu mwaka huenda kwa mafunzo, na vifaa hugawiwa siku ya sherehe, wakati ofisi ya mradi inakaribia kufungwa. Wiki chache baadaye mtoto anaugua au kodi ya nyumba inadaiwa, na mashine inauzwa. Lawama humwangukia kijana, wakati kosa liko katika mpango. Mwanafunzi aliyemaliza huhitaji kukaa miezi kadhaa chini ya fundi mzoefu anayelipwa kwa kumsimamia, apate vifaa kwa awamu, na awe na akiba kidogo ya kikundi ya kuzuia mashine isigeuke dawa ya hospitali.

Kuchagua kazi nako kunataka kuutazama mji wenyewe. Wafanyabiashara wa Butembo huleta bidhaa kutoka Dubai na China kupitia Mombasa, Kampala na Kasindi. Nguo tayari, viatu na vyombo vimejaa sokoni. Kumfundisha kila msichana kushona ni kumpeleka kushindana na makontena hayo. Zipo kazi zisizoingia katika kontena: kutengeneza pikipiki, kuchomelea milango na madirisha, kujenga, kuvuta maji na umeme, kutengeneza simu. Upo pia usindikaji wa mazao ya hapo hapo. Mutwanga, chini ya Ruwenzori, pana kiwanda cha chokoleti kinachotumia kakao ya wakulima wa eneo hilo na umeme wa maji wa Hifadhi ya Virunga, na aliyekimbia shamba la kakao ana ujuzi wa kuanzia ambao fundi wa Goma hana.

Cheti kina uzito wake. Utafiti mwingine wa Uganda, uliochapishwa 2020, ulilinganisha vijana waliofundishwa vyuoni na waliofundishwa ndani ya karakana. Wote waliongeza kipato, lakini wa chuoni walipopoteza kazi walipata nyingine kwa urahisi zaidi, kwa sababu cheti chao kilieleweka kwa mwajiri mpya. Kwa mkimbizi anayeweza kuhama tena kesho, karatasi inayotambulika nje ya mtaa wake ni mali anayoweza kukimbia nayo.

Orodha ya wanufaika ndiyo huvunja miradi mingi. Mpango wa serikali ya Kongo wa kupokonya silaha, P-DDRCS, uliundwa Julai 2021 ukiwa na shabaha ya kuinua jamii nzima, na sababu ni nzito: mafunzo yakienda kwa waliobeba silaha pekee, jirani aliyevumilia bila kushika bunduki hujifunza kwamba bunduki ndiyo tiketi. Orodha iliyobandikwa hadharani penye ofisi ya mtaa, yenye majina ya waliobeba silaha na ya majirani zao, hupunguza manung'uniko zaidi kuliko mkutano wowote.

Fedha za nje zimepungua sana tangu Marekani ilipoanza mapema 2025 kuifunga USAID, shirika lake la misaada, lililoacha rasmi kutoa misaada tarehe 1 Julai 2025. Hata hivyo Kongo ina chanzo chake. INPP, taasisi ya taifa ya maandalizi ya kazi iliyoanzishwa 1964, huishi kwa mchango wa waajiri: asilimia 3 ya mishahara kwa kampuni binafsi yenye wafanyakazi wasiozidi 50, asilimia 2 hadi wafanyakazi 300, na asilimia 1 kwa kubwa zaidi. Mwajiri wa Butembo au Beni anayelipa mchango huo ana haki ya kuuliza ni vijana wangapi wa mji wake wamefundishwa kwa fedha hizo mwaka huu.